UZI: Kazi za bustani ya nyumbani msimu wa kaskazi (Desemba hadi Machi), ukanda wa Pwani. Mboga na maua

Mzee_wa_Mboji
Wadau, salaam. Vuli imekatika, kaskazi imeshika, na kila mwaka kipindi hiki maswali ni yale yale: mchicha unakauka, nyanya zinadondosha maua, waridi majani yameungua pembeni. Naanzisha uzi huu tuweke kazi za msimu mahali pamoja. Nazungumzia Pwani: Tanga, Bagamoyo, Dar, Kibaha, Lindi, Mtwara, Visiwani, na wenzetu wa Mombasa na Kilifi. Aliyeko Dodoma au Singida huu ndio msimu wake wa mvua, kwa hiyo kalenda hii haimfai. Kanuni za udongo na maji atazichukua, tarehe aache.

Naanza na maji, maana ndiyo yanayoamua mengine yote.

Kwa jua la Januari na Februari, kitalu kilichofunikwa na majani ya mboga kinapoteza karibu milimita 5 za maji kwa siku. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Tuta la mita 1 kwa mita 4 basi linahitaji lita 20 kwa siku, yaani ndoo moja. Wengi wanamwagia nusu ya hapo, asubuhi na jioni kidogo kidogo, juu juu. Maji yanaishia sentimita 3 za juu, jua linayala kabla ya saa sita, na mizizi inabaki hapo hapo juu kwenye udongo wa moto. Afadhali ndoo mbili kwa mkupuo kila baada ya siku moja. Ukishamwagia, subiri nusu saa, chimba pembeni kwa mwiko: unyevu uwe umefika sentimita 20. Kama haujafika, kazi haijaisha.

Miche midogo na mbegu zilizosiwa ni habari nyingine. Hizo ni kila siku, hata mara mbili, kwa kopo lenye matundu madogo, mpaka mizizi ishuke.

Muda: saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi. Jioni baada ya saa kumi na moja inafaa pia, ila mwagia chini kwenye shina. Matango, maboga na waridi yakilala na majani mabichi, ukungu hauchelewi.

Bustani_Kigamboni
Asante mkuu. Naongezea jambo la mpira wa kumwagilia. Mpira uliolala juani, maji yaliyomo ndani yanaweza kuwa ya moto kiasi cha kuunguza miche. Fungua kwanza uyamwage kwenye ndoo, ukishaona yanayotoka yamepoa ndiyo uelekeze bustanini. Hiyo ndoo usiitupe, iweke kivulini uitumie baadaye.

Mama_Mchicha
Shikamoo Mzee wa Mboji. Naomba kuuliza, nasoma mahali pengi kwamba kumwagilia mara moja kwa wiki maji mengi ndiyo bora. Hapa unasema kila baada ya siku moja. Tushike lipi?

Mzee_wa_Mboji
Marahaba, binti. Inategemea udongo. Ushauri wa mara moja kwa wiki ni wa udongo wa mfinyanzi, unaoshika maji. Mchanga wetu wa Pwani hauna mahali pa kuyaweka. Katika sentimita 30 za juu, mchanga unabakiza kama milimita 25 hadi 30 tu za maji ambayo mmea unaweza kuyanywa, na mboga inaanza kuteseka nusu ikishatumika. Gawa kwa milimita 5 kwa siku: ni siku mbili, tatu kwa shida. Ukimwaga ya wiki nzima kwa siku moja, yaliyozidi yanazama chini na mbolea yako yote.

Ndiyo maana mboji ni kazi ya kiangazi. Ndoo moja ya lita 20 ya mboji au samadi ya ng'ombe iliyoiva kwa kila mita ya mraba, ichanganywe na sentimita 20 za juu. Samadi ya kuku usizidishe robo ndoo, tena iwe imekaa angalau miezi miwili. Ile mbichi kwenye joto hili inachoma mizizi, utaona mche umenyauka wakati udongo una maji.

Fundi_Kitalu
Naongezea matandazo. Bila matandazo, hesabu ya Mzee inaongezeka. Sentimita 5 hadi 8 za nyasi kavu zisizo na mbegu, pumba za mpunga au majani makavu. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina, kwa sababu mbili: shina lisioze, na mchwa wasipate daraja. Mchwa wanapenda nyasi kavu iliyogusa mti mbichi.

Vumbi la mbao libaki juu tu, usilichanganye na udongo. Vijidudu vinavyolioza vinachukua naitrojeni iliyopo kwanza, mboga inageuka njano, watu wanadhani ni ugonjwa.

Makumbi ya nazi nayo ni mali tunayoitupa. Yapange chini ya tuta, kina cha sentimita 30, upande wa nyuzi uangalie juu, halafu rudishia udongo. Yanashika maji kama sifongo. Sharti moja: kama yaliwahi kulowekwa baharini, yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi siku mbili tatu na umwage maji hayo, urudie. Yana chumvi nyingi.

Pwani_Mombasa
Hapo kwa chumvi ndipo penye shida kubwa kwetu sisi wa visima. Majani yanaanza kukauka ncha na kingo, udongo unafanya ukoko mweupe juu, na mtu anazidisha maji yale yale. Nini cha kufanya?

Fundi_Kitalu
Ndugu yangu, kwanza pima. Kuna kipimo kidogo kama kalamu kinachosoma chumvi iliyoyeyuka kwa miligramu kwa lita. Chini ya 450 huna wasiwasi. Kati ya 450 na 2,000 unachagua mimea. Zaidi ya 2,000 mboga nyingi zitakusumbua, tumia maji hayo kwa bogenvilia na minazi.

Maharage, karoti, vitunguu na waridi ndivyo vinavyoumia mapema. Nyanya na pilipili ni vya katikati. Spinachi yetu hii yenye majani mapana inavumilia vizuri, bitiruti pia.

Usinyunyize majani kwa maji ya chumvi. Watu husema tone la maji linaunguza jani juani kama kioo cha kukuzia. Kwa majani laini yasiyo na manyoya, kinachounguza ni chumvi inayobaki tone likishakauka. Kila baada ya wiki mbili mwagia mara mbili ya kiwango chako ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Mbolea nayo itashuka, kwa hiyo igawe: kiasi ulichokuwa uweke mara moja kwa mwezi, weka robo kila wiki. Na ukiwa na maji ya mvua au ya bomba, hata kidogo, yatunze kwa ajili ya kitalu cha miche. Mbegu inayoota haivumilii chumvi ambayo mmea mkubwa unaivumilia.

Mkulima_wa_Uani
Naomba orodha ya nini cha kupanda sasa hivi Januari na nini cha kuacha.

Bustani_Kigamboni
Zinazopenda joto: mchicha, bamia, kunde za majani, mlenda, matembele, majani ya maboga, bilinganya, nyanya chungu, pilipili. Zinazoteseka: kabichi, karoti, saladi, chainizi, hoho, nyanya. Hizo subiri baada ya masika, kipupwe kikiingia Juni.

Mchicha: mbegu ni ndogo, nusu kijiko cha chai kwa mita ya mraba inatosha. Changanya na mchanga mkavu makonzi mawili ili zisambae sawa, sia kwa mistari ya sentimita 15, funika kwa udongo usiozidi nusu sentimita. Tandaza nyasi juu. Siku ya tatu au ya nne zikichomoza, ondoa nyasi jioni, usiondoe mchana. Sisimizi hubeba mbegu za mchicha usiku kucha. Zungushia majivu makavu kwenye kingo za tuta. Ukizibana sana zinarefuka kama nyuzi na kuanguka, kwa hiyo punguzia siku ya kumi, hizo unazong'oa ni mboga tayari. Wiki ya nne unavuna. Sia tuta jipya kila wiki mbili, usisie yote mara moja.

Bamia: loweka mbegu usiku mmoja, mbili kwa shimo, kina cha sentimita 2, nafasi 60 kwa 40, kisha bakiza mche mmoja. Siku ya 50 hadi 60 inaanza kuzaa. Chuma kila baada ya siku moja ikiwa na urefu wa sentimita 7 hadi 10. Ukiruka siku nne, ganda linakuwa kuni na mmea unapunguza maua, kwa sababu nguvu imeenda kwenye mbegu.

Matembele: vipande vya sentimita 30, fukia theluthi mbili kwa mlazo, panda jioni, weka kuti juu siku tatu.

Mkulima_wa_Uani
Ubarikiwe. Ila nyanya zangu zipo tayari na zina maua. Yanaanguka yote. Nipige dawa gani?

Mzee_wa_Mboji
Usipige dawa yoyote kijana wangu, hakuna mdudu hapo. Ua la nyanya linahitaji usiku wa baridi kidogo ili chavua ifanye kazi. Usiku ukizidi nyuzi 24 hivi na mchana ukipita 32, chavua inaharibika na ua linadondoka. Dar, Januari na Februari, usiku ni nyuzi 25 au zaidi. Unachoweza: kivuli cha mchana, matandazo, na kutikisa vishada vya maua asubuhi mapema. Nyanya ndogo zile za punje zinashika kuliko kubwa. Ukizidisha urea kwa kuona hazizai, utapata majani mengi bila tunda.

Zikizaa na kitako kikawa cheusi na kubonyea, hilo ni tatizo la kalisi kutofika kwenye tunda, na sababu kubwa ni kumwagilia kwa kukurupuka: leo mafuriko, siku tatu ukame. Rekebisha ratiba ya maji kabla ya kununua chupa ya kalisi dukani.

Fundi_Kitalu
Kuhusu kivuli: neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50, urefu wa mita 2, pande ziwe wazi upepo upite. Ikikaa chini sana joto linajikusanya. Asiye na neti apange makuti kwa kuachanisha, jua lipenye kwa mabaka. Mlango wa kivuli uwe upande wa mashariki mboga ipate jua la asubuhi. Linaloua ni lile la kuanzia saa sita hadi saa tisa na nusu. Na mvua za masika zikianza, kivuli kitoke. Kikibaki mboga zinakuwa dhaifu na ukungu unatawala.

Mama_Mchicha
Bilinganya zangu majani yamekuwa na vidoa vidogo vya njano, chini yake kuna utando mwembamba kama wa buibui. Jirani kanishauri nipige dawa ya mbu.

Bustani_Kigamboni
Dada, dawa ya mbu weka mbali na chakula kabisa. Huyo ni utitiri mwekundu, mdudu wa kiangazi hasa. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, gonga, utaona vinukta vinatembea. Anazaliana haraka kukiwa na joto na vumbi. Dawa nyingi za jumla zinaua wadudu wanaomla huyu utitiri na yeye anabaki, ndiyo maana watu wanapiga na tatizo linakua.

Anza na maji: nyunyiza kwa nguvu upande wa CHINI wa majani, asubuhi, kila baada ya siku tatu, mara tatu. Kata majani yaliyoharibika zaidi, yachome au yafunge kwenye mfuko, usiyatupe kwenye lundo la mboji. Wakibaki, sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, jioni, ifike chini ya majani, asubuhi suuza. Jaribu majani mawili kwanza. Sabuni ya unga haifai, ina magadi yanayobabua. Na lowesha njia za bustani kupunguza vumbi.

Kwa wadudu mafuta, inzi weupe na viwavi wachanga, mwarobaini: mbegu kavu zilizotwangwa gramu 50 kwa lita moja ya maji, loweka usiku, chuja, weka sabuni kidogo, piga jioni siku hiyo hiyo. Jua linaiharibu, ukiiweka hadi wiki ijayo ni maji tu.

Pwani_Mombasa
Na bamia inayodumaa kwa mabaka? Tuta moja, maji sawa, mingine mirefu, mingine imekaa tu na mchana inasinyaa.

Mzee_wa_Mboji
Ng'oa mmoja uangalie mizizi. Ukikuta vinundu vilivyovimba ndani ya mzizi wenyewe, ni minyoo fundo, na mchanga ndio nyumba yao. Usichanganye na vinundu vya kunde: vile vimening'inia pembeni, ukikwangua kwa ukucha vinatoka, na hivyo ni vya faida.

Sasa hapa ndipo jua hili tunalolilalamikia linapogeuka kuwa chombo cha kazi, na ni kazi ambayo haiwezekani msimu mwingine. Tuta lenye minyoo, lipumzishe na ulipike kwa jua. Safisha magugu na mawe, sawazisha, mwagia hadi sentimita 30 zilowe kabisa. Funika kwa plastiki angavu, ile inayoonyesha. Nyeusi inajipasha yenyewe na haipitishi jua kwenye udongo. Ilaze igusane na udongo, kingo zifukiwe sentimita 15 kuzunguka kote, hewa isipite. Acha wiki 4 hadi 6. Anza katikati ya Januari, utafungua mwisho wa Februari, wiki mbili tatu kabla ya masika. Plastiki ikitoboka ziba kwa utepe wa gundi siku hiyo hiyo, tundu dogo linapoza eneo kubwa.

Ukifungua, usichimbe kwa kina. Joto limeua sentimita 15 hadi 20 za juu, waliobaki wako chini, jembe linawapandisha. Na usirudishe bamia hapo, bamia ni chakula chao kipenzi.

Mkulima_wa_Uani
Mwezi wa nyuma niliwahi kusikia merigoldi, lile ua, inawafukuza minyoo hao. Kweli?

Mzee_wa_Mboji
Inawapunguza, ila ipandwe tuta zima kwa kubanana, ikae miezi miwili mitatu, kisha ikatwe na kufukiwa. Mashina mawili kwenye kona ni pambo tu.

Binti_Unguja
Assalaam alaykum. Mmetusahau watu wa maua. Asumini, waridi, mrehani, bogenvilia, vyote vina kazi zake sasa.

Asumini huchanua kwenye vikonyo vipya. Ikishamaliza mkupuo mmoja wa maua, kata ncha kiasi cha theluthi, tia mboji makonzi mawili kwenye shina, mwagia kila siku ikiwa chunguni. Ikipata chini ya masaa sita ya jua, haitoi maua. Kwa wanaochuma kwa ajili ya vikuba (vishada vya maua ya harufu wanavyovaa wanawake), vichomozi huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, usiku vinafunguka vyenyewe na harufu inabaki mikononi mwako, si kwa upepo.

Huku kwenye maweni (ardhi ya mawe ya matumbawe), asumini na waridi hugeuka manjano. Tazameni: kama ni majani machanga, na mishipa imebaki kijani, ni upungufu wa chuma kwa sababu ya chokaa iliyomo ardhini. Mbolea ya urea haitasaidia. Inatakiwa mbolea ya majani yenye chuma, na mboji nyingi. Kama ni majani ya zamani ya chini na yamekuwa manjano yote, hiyo ndiyo naitrojeni.

Waridi: msimu huu usiikate sana. Toa maua yaliyokufa tu, ukate juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano. Mkato mzito ungojee kipupwe. Ukiikata uchi sasa, jua linaunguza matawi.

Mrehani, vunja ncha kila inapotaka kutoa maua, la sivyo itazeeka.

Bustani_Kigamboni
Wa alaykum salaam, umetugusa dada. Bogenvilia isimwagiliwe kila siku. Iliyo ardhini zaidi ya mwaka, ngoja majani yaanze kulegea ndipo umwagie kwa wingi. Maji na urea vikizidi inatoa majani na miiba tu. Ikate kwa nguvu mkupuo wa maua ukiisha, karibu na masika, mvua ziirudishie matawi.

Wa vyungu: chungu cheusi cha plastiki juani mizizi inapikwa upande wa magharibi. Kiingize ndani ya chungu kikubwa zaidi au kizungushie gunia. Na visahani vya chini vimwageni kila wiki. Mapipa ya maji yafunikwe kwa neti. Mbu wa dengue anakamilika kwa siku 7 hadi 10 kwenye maji masafi yaliyotuama, na Dar tumeona milipuko 2014 na 2019.

Mama_Mchicha
Asanteni sana. Swali la mwisho: kabla masika hayajaingia, Februari hii nifanye nini na bilinganya na nyanya chungu za zamani? Ning'oe?

Fundi_Kitalu
Kama shina ni zima na mizizi haina mafundo, using'oe. Wiki ya mwisho ya Februari kata kwa mkasi safi, urefu wa sentimita 25 kutoka chini, juu ya chipukizi lililo hai. Weka samadi iliyoiva nusu ndoo kuzunguka shina, mwagia vizuri. Yatatoka machipukizi mengi, bakiza matatu au manne yenye nguvu. Yenye mnyauko au virusi ng'oa na mizizi yake.

Wakati huo huo pandisha matuta hadi sentimita 25, na fungua mifereji kati yake. Mchanga unapitisha maji, lakini masika ya Aprili yanajaza hata mchanga pale maji ya ardhini yalipo karibu. Lundo la mboji la mita 1 kwa kila upande likianzwa Januari kivulini, likigeuzwa kila wiki mbili na kuwekwa unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, linaiva Machi mwishoni. Likinuka vibaya limejaa maji, ongeza majani makavu. Likikaa baridi ni kavu au halina kibichi cha kutosha.

Mama_Mchicha
Nimeelewa. Urea niliyobaki nayo nusu kilo niimwage lini?

Fundi_Kitalu
Usiimwage juu ya udongo juani, nyingi itapotea hewani kama mvuke wenye harufu ya mkojo. Kizibo kimoja cha soda, kama gramu 5, kwa shina la bilinganya lililoanza kuchipua. Chimba kamfereji ka sentimita 5, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, weka, fukia, mwagia papo hapo. Mchicha wa majani, gramu 10 kwa mita ya mraba katikati ya mistari, siku ya 14, fukia vile vile. Inayobaki funga mfuko vizuri, inanyonya unyevu na kugandamana mvua zikianza.